Pemba hadi Toronto: kilomita ngapi, saa ngapi, na mama aondoke lini?

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mkaazi wa Chake Chake. Dada yangu yuko Toronto, Kanada, anatarajia kujifungua, na mwezi wa Disemba tunampeleka mama akamsaidie kulea. Nimeangalia kwenye intaneti nikaona kutoka Zanzibar hadi Toronto ni kilomita 12,780 na muda wa ndege ni saa 14 na dakika 42. Nilipoandika Pemba, ikaja kilomita 13,411. Vipi Pemba iwe mbali zaidi ya Unguja kwa kilomita zaidi ya 600, na sisi ndio tuliopo kaskazini? Tiketi ya mama inaonesha anaondoka Zanzibar Jumamosi 03:35, anafika Istanbul 11:00, anaondoka 15:10 na kufika Toronto 18:05 Jumamosi hiyo hiyo. Hizo ni saa 14 na nusu, zinakaribiana na nilizoziona mtandaoni. Lakini kurudi, mwisho wa Februari, anaondoka Toronto Jumamosi 22:30, anafika Istanbul Jumapili 16:15, anaondoka 19:30 na kufika Zanzibar Jumatatu 02:40. Hizo ni saa 28! Kwa nini kurudi kuwe karibu mara mbili ya kwenda? Tumepanga atoke Pemba kwa ndege ya Jumamosi asubuhi, apumzike kwa ndugu Unguja, usiku aende kiwanjani. Ana miaka 67 na hajawahi kupanda ndege kubwa. Naomba unifafanulie.

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana likiachwa lilivyo mama hatofika Toronto kabisa. Asitoke Pemba Jumamosi. Atakapotua Unguja asubuhi hiyo, ndege yake ya Istanbul itakuwa imeshaondoka saa kadhaa nyuma.

Tiketi za ndege huanza siku mpya saa 6 kamili za usiku. Kwa hiyo Jumamosi 03:35 ni saa 9 na dakika 35 za usiku wa kuamkia Jumamosi, ule usiku unaoingia Ijumaa baada ya Maghrib. Wewe umeusoma kama usiku unaokuja baada ya kutwa ya Jumamosi kwisha, na ndivyo tunavyosema wengi siku hizi. Mama yako, ikiwa bado anahesabu kwa mtindo wa wazee wetu ambao kwao jua likitua Ijumaa ndio Jumamosi imeingia, angelisoma jambo hili sawasawa bila ya kufundishwa. Mwambie anasafiri usiku wa Jumamosi, kisha msikilize anavyouelewa usiku huo.

Basi anatakiwa awe Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, Jengo la Tatu la abiria, Ijumaa usiku, na saa 6 na nusu isimkute bado yuko njiani. Kaunta za kukabidhi mizigo kwa safari za kimataifa hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hakuna wa kuifungua kwa kuwa abiria ametoka mbali. Simu moja leo kwa wakala aliyekukatia tiketi ya Pemba itatosha kubadilisha siku, iwe Alhamisi; sababu yake utaiona mbele. Ipige kabla hujaendelea kusoma.

Sasa tuje kwenye kilomita. Shaka yako ilikuwa ya haki. Pemba haiwezi kuwa mbali na Toronto kuliko Unguja. Nimepiga hesabu: kutoka kiwanja cha Pemba, pale Chake Chake, hadi kiwanja cha Pearson, Toronto, mstari mfupi kuliko yote ni kama kilomita 12,750. Mko karibu zaidi kwa kilomita 30 hivi. Ile 13,411 uliyopewa ni ya Pemba nyengine, mji wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Wakati wa Wareno mji huo ukiitwa Porto Amélia, na ndiyo maana mpaka leo kiwanja chake kinatumia herufi POL. Kiwanja cha kisiwa chetu ni PMA, na cha Unguja ni ZNZ. Mtandao ukiandikiwa "Pemba" tu hauwezi kujua unakusudia ipi, na mara nyingi huchukua ile ya Msumbiji kwa sababu ni mji wenye jina hilo, wakati yetu ni kisiwa chenye miji yake.

Kwa hesabu ya umbali, kosa hili halimdhuru mtu. Kwenye kukata tiketi linaweza kumgharimu pesa nyingi. Wewe mwenyewe hutopotea, lakini dada yako au rafiki yake aliyeko Kanada akikaa mbele ya kompyuta kumtafutia mama safari nyengine siku za mbele, aandike herufi PMA badala ya jina. Na tiketi ikitoka, herufi tatu za kila kiwanja zisomwe kwanza, kabla ya bei.

Umeuliza pia, kwa namna, hizo 12,780 zinatoka wapi. Ni urefu wa uzi uliovutwa juu ya uso wa dunia kutoka kiwanja hadi kiwanja, kwa njia fupi kuliko zote. Ukitazama ramani bapa ya ukutani, utadhani njia hiyo inakatiza Kongo, Nijeria na Mali, itokee pwani ya Mauritania, kisha ivuke bahari. Chukua tufe la skuli na uzi halisi, uweke ncha moja Zanzibar na nyengine Toronto, uvute mpaka ukaze. Utaona uzi unaelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo: unapita juu ya Ziwa Victoria, unagusa mpaka wa Sudan Kusini na Kongo, unakatiza Chad na jangwa la Aljeria, unatoka barani Afrika karibu na Casablanca, unapita kaskazini ya visiwa vya Azores, na kuingia Kanada upande wa Nova Scotia. Ramani bapa huzinyoosha nchi za kaskazini zikaonekana kubwa kuliko zilivyo, na njia zinazopita huko zikaonekana ndefu.

Mitandao miwili inaweza kukupa tarakimu zinazotofautiana kwa kilomita kadhaa, hata makumi ya kilomita. Usihangaike. Dunia si duara kamili: mzunguko wake kwenye Ikweta ni kilomita 40,075, na ukipitia ncha za kaskazini na kusini ni 40,008. Baadhi ya programu huhesabu kwa duara la wastani, baadhi hufuata umbo halisi, na baadhi hupima kutoka katikati ya mji badala ya kiwanjani. Kubwa la kuangalia ni kipimo. Umbali huo huo ni maili 7,940 za nchi kavu na maili 6,900 za baharini, na za baharini ndizo marubani wanazotumia. Mtu akikwambia Toronto ni 6,900, muulize 6,900 za nini.

Na saa 14 na dakika 42? Hapo hakuna siri. Programu nyingi hizi hugawa umbali kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. 12,780 kwa 900 ni saa 14 na dakika 12. Ongeza dakika 30, ndiyo hiyo 14 na 42 uliyoiona. Ni hesabu ya ndege inayotoka Zanzibar na kutua Toronto bila ya kugusa popote, na ndege hiyo haipo. Si kwamba haiwezekani: kuna safari ya Singapore hadi New York yenye zaidi ya kilomita 15,300, inayokaa angani zaidi ya saa 18, na Boeing 787-9 imetengenezwa kwenda kama kilomita 14,000. Kinachokosekana ni abiria wa kutosha kuijaza ndege kubwa mara kwa mara baina ya Unguja na Toronto. Kwa hiyo tarakimu ile inakwambia dunia ina ukubwa gani. Safari ya mama haikuhesabiwa humo.

Hapa ndipo tiketi yako ilipokupa faraja isiyo ya kweli. Uliona 03:35 na 18:05, ukatoa, ukapata saa 14 na nusu, na kwa bahati mbaya jibu likawa karibu sawa na la mtandaoni, kwa hiyo ukaona mambo yameafikiana. Lakini 03:35 ni saa ya Zanzibar na 18:05 ni saa ya Toronto. Tiketi huandika kila wakati kwa saa ya mahali pale ndege ilipo. Hatuwezi kutoa moja kwa nyengine mpaka tuzirudishe zote kwenye saa moja, na sisi watu wa kazi hii hutumia saa ya dunia, inayoandikwa UTC.

Zanzibar iko mbele ya saa ya dunia kwa saa 3 mwaka mzima. Toronto wakati wa baridi iko nyuma yake kwa saa 5. Mama anaondoka 03:35, toa 3, ni 00:35 ya dunia. Anafika 18:05, ongeza 5, ni 23:05 ya dunia. Kutoka 00:35 hadi 23:05 ni saa 22 na dakika 30. Huo ndio muda wa kweli atakaokaa njiani kutoka Unguja hadi Toronto. Nenda na saa 22 na nusu kichwani, kwa sababu ndizo atakazozihisi miguuni na mgongoni, na ndizo za kuhesabia dawa zake kama anatumia dawa za presha au sukari. Daktari wake aulizwe mapema vipi azimeze siku hiyo, na aambiwe muda huo huo wa saa 22 na nusu.

Kurudi, fanya vivyo hivyo. Jumamosi 22:30 ya Toronto, ongeza 5, ni Jumapili 03:30 ya dunia. Jumatatu 02:40 ya Zanzibar, toa 3, ni Jumapili 23:40 ya dunia. Jawabu ni saa 20 na dakika 10. Kwa hiyo kurudi si mara mbili ya kwenda. Ni kufupi zaidi, kwa saa 2 na dakika 20. Zile saa 8 za tofauti baina yetu na Toronto zilikupunguzia wakati wa kwenda na zikakuongezea wakati wa kurudi.

Kuna tahadhari moja. Toronto husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo tofauti yetu nao ni saa 7. Mtoto akija na mama akaombwa abakie mpaka Aprili, kama inavyotokea sana, na mkabadilisha tiketi ya kurudi, hesabu upya kwa 7. Istanbul haina usumbufu huo: tangu 2016 Uturuki imebakia na saa yetu mwaka mzima, kwa hiyo mama akitua pale saa yake ya mkononi itakuwa sahihi bila ya kuigusa.

Nimeona kwenye tiketi jambo jengine ambalo hukulitaja, na mimi ndilo linalonivutia kuliko yote. Istanbul kwenda Toronto, 15:10 hadi 18:05, ukirudisha kwenye saa ya dunia ni saa 10 na dakika 55. Toronto kuja Istanbul ni saa 9 na dakika 45. Viwanja ni vile vile, kilomita 8,170 ni zile zile, na kuna tofauti ya saa moja na dakika 10.

Huo ni upepo. Juu kule, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, katika nchi za kaskazini kuna mkondo mkali wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ndio unapokuwa na nguvu zaidi, na kuupata ukipita kilomita 200 kwa saa ni jambo la kawaida. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe nayo inatembea. Ikienda magharibi inarudishwa nyuma. Ikija mashariki inasukumwa. Mtu wa visiwani hahitaji somo refu hapa: majahazi yaliyokuja kwetu na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalisubiri kusi yarudi, na aliyelazimisha kwenda kinyume alilipa kwa siku. Ndege hailazimiki kusubiri, ila nayo inalipa, kwa mafuta na kwa dakika.

Februari 2020, dhoruba ikivuma juu ya Atlantiki, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Ukiipima kwa ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa ikikimbia zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Haikuwa na injini mpya. Ilikuwa imekaa ndani ya mkondo. Na ndege inayokwenda upande wa pili siku kama hiyo huukwepa mkondo huo, hata kwa kuzunguka kilomita mamia, kwa sababu njia ndefu yenye upepo mdogo humaliza mapema kuliko fupi yenye upepo wa uso. Ndiyo maana kila siku vituo viwili vya kuongoza ndege, Gander upande wa Kanada na Shanwick upande wa Ireland na Uingereza, hupanga upya njia za kuvukia Atlantiki ya kaskazini kwa kufuata upepo wa siku ile. Njia aliyopita jirani yako wiki iliyopita huenda mama asiipite.

Kwa hiyo akichelewa au akiwahi kwa dakika 40 kufika Toronto, dada yako asiingiwe na hofu. Ratiba ya tiketi ni makisio ya msimu mzima, na upepo hubadilika kila siku.

Njia vilevile hupindishwa na mambo ya ardhini. Mstari ulionyooka kutoka Zanzibar kwenda Istanbul una kilomita 5,390 hivi, na unapita juu ya Sudan. Tangu vita vilipozuka kule Aprili 2023, mashirika mengi ya ndege yamekuwa yakiizunguka anga ya nchi hiyo. Mzunguko huo humezwa na ratiba, nawe hauuoni popote isipokuwa kwenye ramani iliyo mbele ya kiti, pale abiria anapojiuliza mbona tunakwenda huku.

Je, kupitia Istanbul mmepotea njia? Watu wengi huniuliza hivi, wakidhani kuna mji wa kati ulio "njiani" kweli. Jumlisha 5,390 na 8,170: ni kilomita 13,560. Mzunguko ni kama kilomita 780 tu juu ya uzi ulionyooka, chini ya saa moja ya kuruka. Kupitia Addis Ababa ni fupi zaidi, kama kilomita 13,190. Lakini kiwanja cha Addis kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, ndege haiwezi kupaa ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta yote ya safari ndefu, na kwa muda mrefu safari za kutoka pale kwenda Amerika ya Kaskazini zimekuwa zikitua mahali kujaza mafuta. Zinaporudi zikitokea nchi za chini huweza kuja moja kwa moja. Kupitia Doha ni kama kilomita 14,630, zaidi ya saa moja ya ziada angani ukilinganisha na Istanbul.

Ukiziangalia tarakimu hizi utaona kwamba kilomita si za kukuchagulia njia. Baina ya njia fupi na ndefu hapa kuna kilomita 1,440, kama saa moja na nusu ya kuruka. Muda wa kusubiri kubadilisha ndege unaweza kutofautiana kwa saa 2, 6, hata 14, kwa bei zinazokaribiana. Mama amepewa saa 4 na dakika 10 Istanbul, na kwa maoni yangu huo ni muda mzuri sana kwake. Ungenionesha tiketi yenye saa moja na robo ningekwambia uibadilishe, hata kama ingemfikisha mapema. Kiwanja kipya cha Istanbul ni kikubwa mno, na kutoka mlango mmoja wa ndege hadi mwengine ni mwendo hasa kwa mtu wa miaka 67 ambaye hasomi vibao vyao.

Piga simu kwa shirika la ndege, siku mbili au zaidi kabla ya safari, uombe mama asaidiwe kwa kiti cha magurudumu. Usione haya, na yeye asione haya, hata kama bado anapanda ngazi mwenyewe. Huduma hiyo hailipiwi. Atapokewa mlangoni mwa ndege, atapitishwa ukaguzi, na atafikishwa mlango wa ndege ya pili na mtu anayeijua njia. Watu wengi humwandalia mzee koti la baridi na kila kitu, wakalisahau hili, na kwangu mimi hili linalitangulia koti.

Sasa nirudi nyumbani. Sehemu ya safari ninayoihofia kuliko zote ni ile fupi. Kutoka Pemba hadi Unguja ni kilomita 125 kwa ndege, nusu saa hivi, wala haifiki sehemu moja ya mia ya safari nzima. Lakini tiketi yake imekatwa peke yake, mbali na ile ya Toronto. Ndege ndogo ya Pemba ikichelewa kwa mvua au kwa ubovu, shirika linalompeleka Istanbul halina wajibu wowote kwa mama. Kwao atakuwa abiria ambaye hakutokea. Istanbul hali ni nyengine: sehemu mbili zile ziko kwenye tiketi moja, na ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, wao ndio wenye jukumu la kumtafutia nyengine.

Kwa hiyo ningekuwa ni mimi ninayempeleka mama yangu, angetoka Pemba Alhamisi. Siku ya Ijumaa ningeiacha kama akiba: Alhamisi ikiharibika, bado ipo ndege ya Ijumaa asubuhi, na ipo boti ya Mkoani. Tena atapata kulala Alhamisi usiku kwa utulivu kwa ndugu zenu, apumzike Ijumaa mchana, kwa sababu usiku ule hatopata usingizi wa maana.

Angalia na mizigo. Ndege ndogo za visiwani mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na za kimataifa kwa kawaida kilo 23 kwa begi. Najua jinsi akina mama wanavyojaza begi la kwenda kumlea mzazi. Begi kubwa litangulie kwa boti pamoja na mmoja wenu, na yeye apande ndege na mkoba mwepesi wenye pasipoti, dawa, na karatasi yenye namba ya simu na anuani ya dada yako. Dawa zisiingie kwenye begi linalotangulia, hata kwa dharura.

Kwenye ndege ya pili mwambie asishangae jua. Atakuwa anakimbilia magharibi alasiri ya Disemba, na katika nchi za kaskazini kule ndege huenda karibu kasi sawa na inavyozunguka dunia. Machweo ambayo kwetu huisha mara moja, dirishani kwake yanaweza kukaa kwa muda mrefu sana. Atauliza Maghrib imeingia au haijaingia. Kuhusu kujumuisha na kupunguza sala, amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, akae na jibu lake moyoni, asibahatishe akiwa juu.

Toronto atatua saa 12 na dakika 5 za jioni kwa saa ya kule, giza likiwa limeshaingia. Mwili wake utakuwa unamwambia ni saa 8 za usiku, na itakuwa kweli, kwa sababu Chake Chake ndiyo saa hiyo. Dada yako asimpangie wageni jioni ile. Ampe chakula chepesi, amwache alale, na asishangae akimkuta ameamka usiku wa manane akitafuta jiko la chai. Kuzoea tofauti ya saa 8 huchukua siku kadhaa kwa mtu yeyote.

La mwisho ni la Februari. Jumatatu 02:40 ni saa 8 na dakika 40 za usiku wa kuamkia Jumatatu, kosa lile lile tena likikusubiri. Anayekwenda kumpokea awe kiwanjani Jumapili usiku. Tiketi yake ya kurudi Pemba iwe ya Jumatatu mchana au Jumanne, kwa sababu ndege kutoka Istanbul nayo inaweza kuchelewa, na yeye atakuwa amechoka.